Wiki ya Mvua Nairobi, na Simu Niliyoiogopa Miezi Minne

Leo hakuna video. Hii stori nimejaribu kuirekodi mara tatu, na kila nikiona uso wangu kwenye skrini naanza kuigiza. Kwa hivyo nimeiandika. Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Mnakumbuka mvua ya Aprili 2024? Najua mnakumbuka. Ile mvua ya kufungua simu asubuhi ukiwa na uoga, hujui leo ni daraja gani limeenda. Wiki mbaya zaidi ya hiyo mvua, kuanzia Ijumaa tarehe 26 Aprili hadi Ijumaa tarehe 3 Mei, mimi nilikuwa Nairobi, nimelala juu ya dabodeka katika hosteli ya wasafiri wa begi mgongoni. Chumba cha watu wanane, na mimi ndiye Mkenya pekee.

Wacha nianze na kwa nini nilikuwa huko, maana hapo ndipo aibu iko.

Januari hiyo niliacha chuo. Nilikuwa mwaka wa pili, kozi yenye hesabu nyingi ambayo sikuichagua, ilinichagua yenyewe kwa sababu ya alama zangu. Sitawadanganya ati nilikuwa na maono makubwa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na masomo mawili ya kurudia, na nilikuwa na video moja iliyotazamwa na watu elfu arobaini. Hiyo video ilinipumbaza. Nikajiambia mimi nishaomoka, darasani natafuta nini?

Sasa shida. Mamangu yuko Moiben, nje ya Eldoret mjini. Ni mkulima, mahindi na ng'ombe wachache wa maziwa. Hiyo Januari alinitumia shilingi 22,000 kwa M-Pesa, karo ya muhula. Sikuzirudisha, wala sikumwambia kitu. Nilinunua simu ya mtumba yenye kamera poa, maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, na zingine nikazila tu, sijui hata ziliendaje. Kuanzia hapo kila akipiga simu, mimi niko "maktaba". Manze, nimekaa maktaba miezi minne bila kufungua kitabu.

Aprili ikafika, watazamaji wakapungua. Nikapata wazo: Nairobi wiki moja, begi moja, bajeti ndogo, hosteli ya Wazungu. Nilihesabu ningetoka na video kumi: Karura, Ngong Hills, Makumbusho ya Taifa, chakula cha mitaani, mambo ya usiku. Nikaweka nguo tatu na sweta, nikaingia shatoo ya asubuhi pale mjini.

Kutoka Sisibo hadi Nairobi ni kama kilomita 310. Mvua ilitupata Burnt Forest na haikutuacha. Timboroa hatukuona kitu, ukungu mtupu, dereva ameinama mpaka pua inakaribia kioo. Mtu wa Eldoret haogopi baridi, sisi tumelelewa mita elfu mbili juu ya bahari. Lakini kufika Nairobi na kukuta maji yanatembea barabarani kama yana haraka kazini, hapo nilishtuka. Jumatano ya wiki hiyo mto Mathare ulikuwa umefurika usiku na kuingia nyumba za watu. Mimi niliona kwenye simu nikiwa Eldoret, nikasonga video inayofuata. Ukweli ni huo.

Hosteli ilikuwa upande wa Kilimani, nyumba ya zamani yenye ua na mti mkubwa wa mparachichi. Kitanda shilingi 1,500 kwa usiku, na chai ya asubuhi. Kwa wale mtaniuliza: beba kufuli yako, kabati hazina. Beba ndara za bafuni. Beba pawa benki, maana soketi ni moja kwa vitanda viwili na wa chini ndiye mwenye nguvu. Na ukiweza usichukue kitanda cha juu karibu na dirisha msimu wa mvua. Mimi nilichukua kwa sababu ya mwanga wa video. Nililala siku saba na soksi mbilimbili na ukuta unatoa jasho.

Chini yangu alilala jamaa wa Kampala aliyekuwa njiani kwenda Arusha kwa basi. Upande wa pili kulikuwa na dada wa Ujerumani, miaka 19, na Waholanzi wawili marafiki. Wengine walikuja na kuondoka. Wote walikuwa na mpango na mvua iliukata. Waholanzi walitaka Maasai Mara. Mjerumani alitaka kushuka Diani. Mimi nilitaka Karura. Tukaishia wote sebuleni, tumezunguka meza moja, tunacheza karata na kusikiliza mabati.

Jumamosi usiku stima ilipotea. Mkiwa gizani na watu msiowajua, mnaanza kuulizana maswali ya ndani. Mjerumani akasema amemaliza shule ya upili na hajaingia chuo kikuu, amechukua mwaka mmoja wa kuzunguka. Wote wakamwambia hongera, jambo zuri, ndio vizuri mtu ajijue kwanza. Kisha mmoja wa Waholanzi akasema yeye aliacha chuo katikati, akaona si chake, sasa anasafiri akifikiria. Naye akapewa hongera.

Nikajua zamu yangu inakuja. Waliponiuliza nikasema mimi ni mwanafunzi. Nikataja na kozi.

Nililala na hasira hiyo siku. Nikiwa huko juu nilikuwa naandika kichwani posti ya kuwachoma. Mliona vile ingekuwa: Mzungu akiacha chuo, anajitafuta. Mimi nikiacha chuo, nimepotea. Yeye anaitwa msafiri, mimi naitwa mzururaji. Yeye mwaka mmoja bila kazi ni uzoefu, mimi ni mzigo wa kijiji. Na bado naamini kuna ukweli hapo, sitaurudisha. Pasipoti ya mtu na pesa ya nchi yake ni mto wa kulalia, akianguka haumii. Kwetu mtoto mmoja akienda chuo, ng'ombe ameuzwa, shangazi amechanga, kanisa limeombea. Ukiacha, hujaacha peke yako.

Lakini hiyo posti haikutoka, na nitawaambia kwa nini.

Jumapili asubuhi nilimuuliza Mjerumani, kwa ule ujanja wa kutafuta pointi, wazazi wake walimlipia kiasi gani. Akaniambia hawakumlipia. Alifanya kazi kwenye duka la mikate miezi minane, anaamka saa tisa usiku. Babake hakutaka aende, waligombana wiki nzima, na bado babake hajafurahi. "Lakini anajua niko wapi," akasema. "Nampigia kila Jumapili." Kisha akachukua simu yake, akaenda kusimama chini ya mparachichi na mwavuli, akampigia.

Mimi nikabaki na chai yangu. Tofauti yetu niliyokuwa nimeiandika kichwani ilikuwa pasipoti na pesa. Hizo zipo. Kumbe kulikuwa na nyingine ndogo ambayo haikuhitaji pasipoti: yeye alisema, mimi nilidanganya.

Bado sikupiga simu. Usidhani mtu hubadilika kwa kikombe kimoja cha chai.

Sasa niwaambie kuhusu anti wa jikoni. Ndiye aliyekuwa akipika chai na mayai asubuhi na kubadilisha mashuka. Mama wa miaka kama arobaini hivi, mchapa kazi, mcheshi kwa wageni. Niliona Ijumaa kwamba amevaa viatu vya kiume vikubwa kuliko miguu yake. Sikuuliza. Jumatatu ndiyo nilijua.

Jumatatu hiyo ni tarehe 29. Ndiyo siku tuliamka na habari za Mai Mahiu. Alfajiri, watu wamelala, maji yakashuka na matope na miti na mawe, yakafagia nyumba. Zaidi ya watu 40 walikufa. Shule zilizokuwa zifunguliwe siku hiyo ziliahirishwa, wazazi wengi walijua usiku tu, masanduku yakiwa mlangoni tayari. Pale hosteli kila mtu alikuwa kwenye simu. Mimi nilipiga hesabu ya barabara: Ijumaa niliyokuja, tulipita pale juu kwenye bonde, na chini kulikuwa na mabati ya watu yanang'aa na mvua.

Anti alikuwa amesimama na sufuria mkononi akitazama simu ya Mganda. Akasema polepole, "Sisi tulipata bahati, yetu yalikuja kama tumeamka." Ndipo tukajua. Yeye ni wa Mathare. Ile Jumatano maji yaliingia kwake usiku hadi kifuani. Alitoka na watoto wawili na simu. Godoro, jiko, sare za shule, kila kitu kilienda. Walikuwa wanalala kanisani, kwenye viti. Na kila asubuhi alikuja kutupikia mayai, akituuliza kama tumelala vizuri.

Nakumbuka nilivyokuwa nimemwambia Jumamosi kwamba ukuta wangu una unyevu.

Mganda ndiye aliyeweka noti ya kwanza mezani. Hakuhutubia, aliweka tu. Wengine wakaweka, mimi nikaweka 500. Tukapata shilingi 11,400, mablanketi mawili, na koti la Mholanzi ambalo lingetosha familia nzima. Anti alikataa mara ya kwanza, mara ya pili akanyamaza, mara ya tatu akazipokea kwa mikono miwili.

Jumanne alasiri nikajitolea kumsaidia kubeba. Nataka niwe mkweli hapa, maana hii ndiyo sehemu niliyokuwa nikiigiza mbele ya kamera: sikwenda kubeba mablanketi tu. Nilikwenda na simu yenye chaji kamili na maikrofoni mfukoni. Wiki hiyo kila aliyerekodi mafuriko alikuwa akipata watazamaji kama mchanga. Nilikuwa na siku tano Nairobi na video sifuri, na doo ilikuwa inaisha.

Tulishuka mat Juja Road, tukaingia ndani. Siwezi kuwaelezea vile ilikuwa kwa maneno mazuri, na sitaki. Matope ya rangi ya chai. Harufu. Mabati yamekunjwa kama karatasi. Watu wameanika madaftari ya watoto juu ya ukuta uliobaki, kurasa zimeshikana. Na watu wanafanya kazi, hiyo ndiyo hukuona kwenye video. Kila mtu ana karai, ana sepeto, anatoa tope, anagongelea msumari.

Nikatoa simu. Nilianza na ukuta, nikaenda kwenye madaftari, kisha kamera ikamfikia anti akiwa ameinama anatafuta kitu kwenye tope pale palipokuwa mlango wake. Ilikuwa picha kali. Nilijua ni kali. Hata kichwa cha video nilikuwa nacho tayari.

Akaniona. Hakupiga kelele. Akaniambia, "Kijana, weka simu kwanza ushike huu mfuko." Nikashika. Akapanguza mikono, akasema, "Futa hiyo niko ndani."

Nikaanza ile hotuba yetu, mnaijua. Ati itasaidia, watu wataona, watachanga, sauti kwa wasio na sauti. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mamako anajua uko Nairobi?"

Sijui kwa nini nilisema ukweli. Labda kwa sababu nilikuwa nimesimama kwenye mlango wake. Nikasema, "Anajua niko chuo."

"Na uko chuo?"

"Niliacha."

Alinitazama kitambo. "Kwa hivyo mimi ndiye wa kuonyeshwa," akasema, "na wewe ndiye wa kufichwa."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei ya kitu dukani. Kisha akarudi kuinama. Nilifuta zote, si ile moja tu, nikashika sepeto ya jirani tukatoa tope hadi saa kumi na mbili. Tulichokipata cha maana ni sufuria mbili na bakuli la plastiki. Kitu alichokuwa akitafuta, bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hatukuipata.

Jumatano ilikuwa Sikukuu ya Wafanyakazi. Asubuhi tukasikia mto Talek umevunja kingo huko Mara, kambi za watalii zimezama, wageni wanatolewa kwa helikopta. Waholanzi walinyamaza, wangekuwa huko siku hiyo. Na ilipofika Alhamisi wakaanza kusema kuna kimbunga kinakuja pwani, Hidaya, kwa hivyo na Diani ya Mjerumani ikafungwa. Mvua haikuchagua. Lakini mimi nilikuwa nimeshaona kwamba kuna anayetolewa kwa helikopta na kuna anayetolewa na jirani kwa kamba.

Alhamisi jioni nilienda chini ya mparachichi bila mwavuli. Nikapiga.

Mama alishika haraka. Tuliongea Kikalenjin, hapa nawaandikia kwa Kiswahili na kitapoteza kitu. Alikuwa na furaha. Huku Nairobi mvua inaua watu, Moiben mvua ilikuwa imefika vizuri. "Mahindi yameota yote," akaniambia, "hata ule upande wa chini ambao husumbua." Nikamwacha amalize kuhusu mahindi. Kisha nikamwambia, Mama, siko maktaba. Niko Nairobi. Niliacha chuo Januari. Pesa nilizitumia.

Kimya. Niliangalia simu nikidhani imekatika. Sekunde zilikuwa zinaendelea.

Kitu nilichokuwa nimejitayarishia ni kelele. Kelele ningeziweza. Yeye akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo nilipokuwa nakuombea mtihani Machi, ulikuwa unafanya nini?"

Sikuwa na jibu. Sina hadi leo.

Akasema zile pesa zilikuwa za ndama. Nilikuwa namjua huyo ndama, wa ng'ombe mwenye alama nyeupe usoni, nilimpa maziwa kwa chupa Desemba. Hakuna aliyeniambia ameuzwa. Kumbe na yeye alikuwa na yake ya kunificha, ili nisome bila wasiwasi. Mwishowe akasema, "Kuna kupalilia wiki ijayo. Kuja." Akakata.

Nilirudi Ijumaa tarehe 3. Tuliagana asubuhi, Mganda akatupikia rolex kwa wote, zile chapati zao za kukunja na mayai, na anti akakaa chini kwa mara ya kwanza akaandaliwa yeye. Hiyo nilirekodi, mikono ya Mganda na kikaangio tu, kwa ruhusa. Ndiyo video pekee niliyotoka nayo Nairobi. Ilitazamwa na watu 312. Asanteni nyinyi 312.

Shatoo ilipofika pale juu ya bonde la Mai Mahiu, abiria wote walinyamaza bila kuambiwa. Redioni walikuwa wanasema waliokufa nchini tangu mvua ianze Machi wamepita 200. Nilikaa upande wa kushoto, wenye dirisha la bonde. Sikutoa simu.

Nilipalilia wiki mbili. Mama aliniongelesha mambo ya kazi tu: leta jembe, funga lango, chai iko hapo. Wiki ya pili aliniuliza hizo video hulipa vipi, nikamweleza, akasema "hmm". Hiyo "hmm" nimeishi nayo kama cheti.

Leo hii Eldoret ni jiji rasmi, tulipewa hati tarehe 15 Agosti mwaka huo huo, na mimi bado si mtu aliyeomoka. Napiga picha za harusi na matangazo ya maduka madogo, na nawaandikia nyinyi. Nimemrudishia mama 14,000 kati ya 22,000. Natuma kidogo kidogo, na kila nikituma haniambii asante. Ni sawa. Si zawadi, ni deni.

Kuna wasee wengi hunitumia ujumbe wakiuliza kama waache chuo, maana mimi niliacha. Mimi sijui maisha yako. Labda uache, labda ukae. Chuo si pepo na si jehanamu. Lakini nakuuliza kitu kimoja kabla hujaniuliza mimi: nyumbani wanajua unafikiria hivyo? Kama huwezi kumwambia anayekulipia, basi bado hujaamua, umetoroka tu. Mimi nilidhani nimeamua. Nilikuwa nimetoroka, tena na pesa ya ndama.

Na kwa wenzangu wa kamera: mvua itarudi, hii ni Kenya. Ukifika kwa mlango wa mtu, shika mfuko kwanza.

Haya, nimemaliza. Kama kuna mtu unamkwepa simu zake, usinijibu mimi. Mpigie.